Kompyuta ya zamani inaonyesha intaneti ipo lakini haifungui tovuti, msaada wakuu

mtoto_wa_kilosa

Wakuu habari za jioni. Nina kesi ya kompyuta ya mzee hapa nyumbani, naombeni mawazo yenu kabla sijaibeba kwenda mjini kwa fundi.

Ni Dell OptiPlex 755, mtumba, RAM GB 2, Windows 7. Ilikaa stoo muda mrefu bila kuwashwa. Sasa mzee amestaafu, anataka kusomea magazeti na kufuatilia mafao yake. Intaneti inatoka kwenye hotispoti ya simu yangu, kompyuta inaipokea kwa kile kidude cha wifi cha kuchomeka USB.

Tatizo liko hivi. Alama ya mtandao pale chini kulia ni safi kabisa, haina pembetatu ya njano wala msalaba mwekundu, na ukiiweka kishale inakwambia intaneti ipo. Ila ukifungua Chrome, karibu kila tovuti inaleta onyo kwamba muunganisho si salama, na nyingine haikupi hata nafasi ya kulazimisha kuingia. Internet Explorer ndiyo kabisa, inasema ukurasa hauwezi kuonyeshwa, basi. Simu hiyohiyo inayotoa hotispoti inafungua kila kitu na bando lipo la kutosha.

Kingine, sijui kama kinahusiana: kila ikiwashwa inasimama kwenye skrini nyeusi ikitaka ubonyeze F1 ndipo iendelee. Mzee ameshazoea, anabonyeza tu.

kipepeo77

Piga Windows upya mkuu, hiyo imejaa virusi. Kazi ya saa moja tu.

FundiTochi

Usipige chochote. Mkuu wa Kilosa, nijibu mambo mawili. Tarehe pale chini kulia inasomeka ngapi, pamoja na mwaka? Na kwenye lile onyo la Chrome kuna maandishi madogo yanayoanza na NET::ERR, yanakili yote uyalete hapa.

mtoto_wa_kilosa

Tarehe inasoma 1/1/2007. Nilikuwa sijaitazama kabisa, maana pale chini inaonekana saa tu mpaka ubofye.

Maandishi ni NET::ERR_CERT_DATE_INVALID.

FundiTochi

Basi mgonjwa wako wa kwanza tumempata, na ile F1 ndiyo iliyomtaja.

Kwenye madabodi kuna betri ya duara, bapa, inaitwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa ya bodi iendelee kutembea wakati umeme umezimwa. Ikifa, ukichomoa tu waya ukutani saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Dell wanakuwa wastaarabu, wanasimamisha mashine na kukwambia saa haijawekwa, bonyeza F1 kuendelea au F2 kuingia kwenye mipangilio. Watu wengi wanabonyeza F1 miaka nenda miaka rudi.

Sasa saa ina uhusiano gani na tovuti? Tovuti yoyote inayoanza na https hukukabidhi cheti kabla haijakupa ukurasa. Cheti kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na brauza inazipima kwa saa ya kompyuta yako, si ya mtu mwingine. Kompyuta yako inaamini iko 2007, inapewa cheti kilichotolewa mwezi uliopita. Kwake ni tiketi ya basi la mwakani: hata kama ni halali, leo hupandi. Na vyeti vya siku hizi havidumu. Let's Encrypt, ambao wanahudumia sehemu kubwa ya tovuti duniani, wamezoea kutoa cheti cha siku 90. Kwa hiyo hata saa ikiwa nyuma kwa miezi michache tu, inatosha kukufungia mlango.

Fanya hivi. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kava, itoe betri ya zamani, weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu. Betri hiyo utaipata kwa fundi saa au duka la vifaa vya umeme. Ukiwasha bonyeza F2, weka tarehe na saa, hifadhi, toka. Ukishaingia Windows hakikisha ukanda wa saa ni ule wa UTC+03:00 ulioandikwa Nairobi. Usihangaike kutafuta Dar es Salaam, Windows haina, sote tunatumia Nairobi.

kipepeo77

Mbona Windows ina sehemu ya kujirekebishia saa yenyewe kutoka intaneti? Si abonyeze pale tu.

FundiTochi

Ipo, ila ina masharti yake. Kwa kompyuta ya nyumbani Windows kwa kawaida inauliza saa mara moja kwa wiki. Na ikikuta tofauti inazidi saa 15 inagoma kurekebisha, inahisi kuna kitu hakiko sawa. Huyu tofauti yake ni ya miaka. Aweke kwa mkono kwanza, baada ya hapo ndipo ile huduma itamsaidia kusahihisha dakika.

Mzee_Disketi

Vijana, shikamooni mnaoniamkia kimoyomoyo, marahaba.

FundiTochi amemaliza la saa. Niongeze la ile alama ya mtandao, maana ndiyo inayopoteza watu. Mtoto wa Kilosa anauliza kwa haki kabisa: kama tovuti hazifunguki, kwa nini Windows inasema intaneti ipo?

Kwa sababu Windows haijajaribu kufungua tovuti unazofungua wewe. Tangu enzi za Windows Vista mpaka hiyo 7 yako, kompyuta ikishaungwa inakwenda kuulizia faili moja dogo la maandishi kwenye seva ya Microsoft, www.msftncsi.com/ncsi.txt. Ndani mna maneno mawili: Microsoft NCSI. Pia inaulizia jina dns.msftncsi.com ione kama jibu ni anwani inayoitarajia. Majibu yakiwa sawa, pembetatu ya njano inaondoka. Na faili hilo huombwa kwa http tupu, ile isiyo na s. Hakuna cheti, hakuna tarehe, hakuna ufunguo wowote. Kompyuta inayodhani iko 2007 inafaulu mtihani huo bila shida.

Kwa hiyo alama safi maana yake ni kwamba waya au wifi vinapitisha, anwani umepata, na majina yanatafsirika. Ni habari njema, imekupunguzia nusu ya kazi. Lakini haijasema lolote kuhusu saa, vyeti wala umri wa brauza, na kwenye mashine za zamani maradhi yanakaa hukohuko.

Na wewe mtoto, hakikisha mzee wako ukimwachia aweke saa mwenyewe hataandika 2:00 kwa maana ya saa mbili asubuhi. Nimeona ofisi moja kompyuta zote ziko nyuma saa sita kwa mtindo huo. Tovuti zilifunguka karibu zote, isipokuwa ile iliyobadilishiwa cheti siku hiyohiyo, nayo ikafunguka yenyewe ilipofika mchana. Walitafuta mchawi wiki nzima.

sokwe_mtulivu

Hahaha mzee umeniua na saa mbili.

mtoto_wa_kilosa

Mzee Disketi shikamoo. FundiTochi, betri nimebadilisha, F1 haiji tena. Tarehe iko sawa na ukanda ni Nairobi.

Kuna mabadiliko makubwa lakini bado. Chrome sasa inafungua tovuti kadhaa vizuri. Nyingine inaonyesha ukurasa mweupe tu, au maandishi yamepangana hovyo na vitufe havibonyezeki. Ile ya mafao ndiyo hiyo ya ukurasa mweupe. Internet Explorer haijabadilika hata kidogo. Na Chrome nikiiambia ijisasishe inaleta kosa.

FundiTochi

Toleo la Chrome ni namba ngapi? Na bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, niambie namba ya mwisho, 7600 au 7601. Nenda na Internet Explorer pia, kwenye menyu ya msaada utaona toleo.

mtoto_wa_kilosa

Chrome 43. Winver inasema 7601. Internet Explorer ni 8.

FundiTochi

Safi. 7601 maana yake una Service Pack 1, lile fungu kubwa la masasisho, ingekuwa 7600 tungeanzia huko.

Internet Explorer 8 ndiyo iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009. Lugha ya siri inayotumia ni TLS 1.0, ya mwaka 1999. Windows 7 yenyewe inaijua TLS 1.2 ila kwenye Explorer hiyo imezimwa. Seva nyingi zilishaacha kuzungumza TLS 1.0 na 1.1, brauza kubwa ziliziondoa kuanzia 2020, na Machi 2021 IETF, wale wanaopanga kanuni za intaneti, wakazistaafisha rasmi kwa waraka RFC 8996. Kwa hiyo Explorer inapiga hodi, seva inasikia lugha isiyoitumia tena, inakata. Hakuna onyo la cheti kwa sababu hawakufika huko. Ndiyo maana kosa lake ni tofauti na la Chrome, na ndiyo maana saa haikulisaidia.

Chrome 43 ni ya 2015. TLS 1.2 inaijua, ndiyo maana baada ya kurekebisha saa imepita. Inakwama mbele zaidi: kurasa za leo zimeandikwa kwa JavaScript ya leo, ile lugha inayoziendesha, brauza ya 2015 ikikutana na msamiati usioujua inaacha kusoma. Unabaki na karatasi nyeupe.

Dawa ni brauza tu. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni 109, ya Januari 2023. Mimi ningekuwekea Firefox, tawi la 115 ESR, yaani toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu. Ndilo la mwisho kwa Windows 7, na Mozilla wamerefusha muda wa masasisho yake ya usalama zaidi ya mara moja. Tena Firefox inakuja na vyeti vyake na TLS yake ndani, haiombi msaada kwa Windows iliyochoka.

Usijaribu kuipakua kwa kompyuta hiyo, utazunguka. Tumia simu, ingia tovuti ya Mozilla yenyewe, chagua ESR hiyo ya 115 ya Windows, angalia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64, pakua, kisha hamisha kwa waya wa USB. Msipakue brauza kwenye zile tovuti zenye vitufe kumi vya kijani vya kupakulia, humo ndimo virusi vinamopangisha.

kipepeo77

Sasa si ndiyo maana nilisema apige Windows upya?

FundiTochi

Angepiga ipi? Ile iliyoko kwenye flashi za mafundi wengi ni Windows 7 ileile ya mwanzo. Angerudi kwenye Explorer 8, bila masasisho hata moja, pengine bila Service Pack 1, na betri bado imekufa. Angekuwa amepoteza picha za mzee na bado yuko 2007.

sokwe_mtulivu

Mimi naomba niongeze sababu nyingine kwa watakaopita hapa baadaye, maana iliwahi kunitesa na saa yangu ilikuwa sawa.

Wale tuliokuwa tukicheza na zile VPN za intaneti ya bure. Baadhi yake hubadilisha mpangilio wa proksi kwenye Windows iwe 127.0.0.1, yaani kila ombi la brauza lipitie kwenye ile programu kwanza. Ukiifuta programu, proksi inabaki. Brauza inaendelea kubisha hodi kwenye mlango usio na mtu. Ukifanya ping, yaani kutuma ombi dogo kuona kama seva inajibu, inajibu vizuri, brauza zote zimekufa.

Paneli ya udhibiti, machaguo ya intaneti, kichupo cha miunganisho, mipangilio ya LAN. Ondoa tiki ya proksi. Kwangu ilikuwa hiyo tu.

FundiTochi

Kweli kabisa. Na ndugu yake ni antivairasi iliyokwisha muda. Nyingi hujiingiza katikati ya https ili zikague kilichomo, zinatumia cheti chao wenyewe. Leseni ikiisha na programu ikaachwa miaka, inaharibu kila ukurasa wa https huku http ikipita. Iondoe, jaribu tena, ndipo uamue.

pamba_nyeupe

Habarini wadau. Mimi nina mgonjwa mzee zaidi. Pentium 4, RAM MB 512, Windows XP Service Pack 3. Saa iko sawa, nimeihakikisha. Chrome ni 49. Hii ilikuwa inafanya kazi vizuri tu na tovuti nyingi, halafu mwishoni mwa 2021 zikaanza kukataa kwa mkupuo, kosa ni NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Sijagusa chochote. Nikaamua kuiacha iwe ya kuchapia barua. Nimeona uzi huu nikakumbuka kuuliza.

Mzee_Disketi

Pamba, ulichokiona kina tarehe kamili: 30 Septemba 2021.

Cheti cha tovuti hakijitegemei, kinadhaminiwa na cheti kingine, na hicho na kingine, mpaka kwenye mzizi ambao kompyuta yako inao tayari ndani. Let's Encrypt walipoanza walikuwa wageni, hakuna kompyuta iliyowajua, wakaombewa udhamini na mzizi wa zamani uitwao DST Root CA X3. Huo ndio uliokwisha muda siku hiyo. Wakati huo walishakuwa na mzizi wao, ISRG Root X1, na kompyuta zilizosasishwa ziliupata kimyakimya. XP ilishaachwa na Microsoft tangu 8 Aprili 2014. Chrome 49 kwenye XP inauliza orodha ya mizizi ya Windows, na Windows yako haimjui mgeni huyo.

Dawa kwa XP ni Firefox 52.9 ESR, ya 2018, ya mwisho kwa XP. Inakuja na orodha yake ya mizizi, na ISRG Root X1 imo. Tovuti nyingi rahisi zitarudi. Zile za JavaScript nzito hazitarudi, na hata zikirudi, MB 512 hazitakubeba.

Internet Explorer ya XP usiitaje. TLS 1.2 haimo kabisa kwenye mfumo wenyewe. Tena haitaji jina la tovuti inayoitafuta wakati wa kupeana cheti, na seva moja siku hizi inabeba tovuti mamia, haijui ikupe cheti kipi.

pamba_nyeupe

Mzee umenifungua macho. Nilikuwa nalaumu kampuni ya simu muda wote huu.

kipepeo77

Sasa mbona mnamshauri mtu aingie intaneti na XP? Hiyo ni hatari. Mimi hapo siafiki.

FundiTochi

Hapo uko sahihi, na mimi sijamshauri. Mzee Disketi kaeleza ugonjwa.

Msimamo wangu ni huu. XP kusoma habari na kuchapa, sawa, ukiwa nyuma ya ruta na huweki nywila yoyote ya maana. Benki, barua pepe, mafao, hapana. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipita kwenye mtandao wa ndani bila mtu kubofya kitu, ikifunga mafaili na kudai pesa, mpaka Microsoft wakalazimika kutoa kiraka cha XP miaka mitatu baada ya kuiacha. Windows 7 nayo sapoti yake iliisha 14 Januari 2020, kwa hiyo mtoto wa Kilosa usijione umepona sana.

Mzee_Disketi

Ndipo tunapofika kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuweka badala ya Windows, najua mtaguna.

OptiPlex 755 nyingi zina Core 2 Duo, ni ya biti 64. Linux Mint ya Xfce, ile yenye mwonekano mwepesi, inakubali RAM GB 2, ingawa ukiongeza ziwe 4 utaiona inapumua. Bodi hiyo inapokea RAM ya aina ya DDR2. Unaijaribu kwa flashi bila kufuta kitu. Ukiipenda unaiweka. Brauza inasasishwa pamoja na mfumo, habari ya TLS na mizizi unaisahau. Mzee aliyestaafu anataka brauza, barua na kuchapa. Hivyo vyote vimo.

Kwa Pentium 4 ya Pamba mambo ni magumu zaidi kwa sababu Pentium 4 nyingi ni za biti 32. Debian 12, Linux nyingine, bado inasakinishika humo, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. antiX, Linux nyepesi, inaibeba vizuri kuliko nyingi. Lakini nisikudanganye, na MB 512 hata ukiweka nini, ukurasa mmoja wa gazeti unaweza kuijaza. Kwa mashine hiyo ushauri wangu ni barua zako uendelee kuchapa.

mwanaidi_wa_kibokoni

Hamjambo nyote. Nawasoma kutoka Mombasa, na yangu yafanana lakini si hiyo.

Nina laptopu ya Windows 7 na ruta ya zamani, laini ni ya faiba inayoingia kwa jina na nywila, kampuni siitaji. Saa iko sawa, Firefox ni hiyo 115 mnayoisema. Google yafunguka, YouTube kwenye Chrome yacheza. Lakini tovuti ya benki na magazeti mawili matatu zazunguka tu, zazunguka, mwisho zachoka. Hakuna onyo la cheti. Hata simu za watoto kwenye wifi hiyohiyo mara nyengine zafanya hivyo. Nikitumia bando la simu zote zafunguka. Nimebadilisha DNS, ile ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba, nikaweka 8.8.8.8 na 1.1.1.1, wapi.

FundiTochi

Dada Mwanaidi, asante kwa maelezo yaliyokamilika, umeshafuta nusu ya washukiwa. DNS ingekuwa mbovu zingekataa papo hapo, zisingezunguka. Na kama simu nazo zinasumbuliwa basi laptopu haina kosa.

Nashuku ukubwa wa pakiti. Kawaida pakiti inabeba baiti 1500. Laini ya kuingia kwa jina na nywila mara nyingi ni PPPoE, nayo inajichukulia baiti 8, zinabaki 1492. Ruta isipojua hilo, au njiani mtu akizuia ule ujumbe wa kusema punguza, pakiti ndogo zinapita na kubwa zinapotea bila taarifa. Hodi inafika, ukurasa wenyewe haurudi. Google na YouTube kwenye Chrome mara nyingi zinatumia QUIC, njia mpya ya kusafirisha data, ambayo inaanza na pakiti ndogo, ndiyo maana zinapona.

Fungua dirisha jeusi la amri uandike

ping -f -l 1472 8.8.8.8

Hiyo 1472 pamoja na baiti 28 za vichwa ndiyo 1500. Ikikwambia pakiti inahitaji kukatwa, au ikakaa kimya, jaribu 1464. Shuka hivyo mpaka ijibu.

mwanaidi_wa_kibokoni

1472 imekataa. 1464 yajibu vizuri kila mara.

FundiTochi

1464 na 28 ni 1492. Ni PPPoE. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya WAN, palipoandikwa MTU, ndio ukubwa wa pakiti, pana 1500, weka 1492, hifadhi, iwashe upya. Ikiwa nywila ya ruta hamna, kwenye laptopu fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi uandike

netsh interface ipv4 set subinterface "Wireless Network Connection" mtu=1492 store=persistent

Jina lililo kwenye alama za kunukuu liwe lile la muunganisho wako kama linavyosomeka kwako. Hiyo itaponya laptopu peke yake, simu za watoto zitabaki na ruta.

mwanaidi_wa_kibokoni

Nimeingia kwenye ruta. Benki imefunguka! Na magazeti. Mungu akuweke, nilikuwa karibu kununua laptopu nyengine.

sokwe_mtulivu

FundiTochi unapatikana wapi kaka, nikuletee na friji.

Mzee_Disketi

La DNS alilogusia Bi Mwanaidi nisiliache, maana linawahusu hasa wanaotoa mashine stoo.

Kulikuwa na virusi vilivyoitwa DNSChanger. Kazi yake ilikuwa kubadilisha anwani za DNS kwenye kompyuta zielekee kwa seva za wahalifu. FBI walilivunja genge lao Novemba 2011, watuhumiwa wakakamatwa Estonia, na kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeambukizwa. Seva zile zingezimwa siku hiyohiyo watu wote hao wangebaki bila tovuti, kwa hiyo mahakama iliruhusu seva safi zishike nafasi yake kwa muda. Zikazimwa 9 Julai 2012. Ambaye hakuwa amesafisha kompyuta yake aliamka laini ni nzima, ping kwa namba inajibu, jina la tovuti halitafsiriki.

Mashine iliyofungiwa stoo tangu miaka hiyo inaweza kutoka na anwani hizo mpaka leo. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya TCP/IPv4, kama kuna DNS iliyoandikwa kwa mkono na hakuna mtu nyumbani anayejua iliwekwa na nani, rudisha ijitafutie yenyewe. Kisha ipconfig /flushdns. Chungulia pia faili la hosts, ambalo nalo hutafsiri majina ya tovuti, lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc, nalo hupenda kuachiwa takataka.

mtoto_wa_kilosa

Wakuu, mrejesho. Firefox 115 imekaa, nimeipeleka kwa waya wa simu kama FundiTochi alivyosema. Tovuti ya mafao imefunguka, magazeti yanafunguka, vitufe vinabonyezeka. Hosts nimeangalia, iko safi, na DNS inajitafutia yenyewe.

Explorer nimeondoa njia zake zote za mkato pale mezani, maana mzee alikuwa anarudi palepale kila mara, ile herufi e ya bluu ndiyo anayoijua kama intaneti. Mint nimeiweka kwenye flashi, tutaijaribu mwisho wa wiki. Mzee ameuliza swali moja tu, kama mle ndani upo ule mchezo wa karata.

Swali langu la mwisho: betri niliyoiweka fundi saa alinipa CR2025, akasema ni sawa na 2032. Imeingia na saa haijapotea, ila naiona inacheza kidogo.

FundiTochi

Volti ni sawa na upana ni sawa, milimita 20. Unene ndio tofauti, hiyo ni milimita 2.5 na inayotakiwa ni 3.2. Ndiyo maana inacheza. Siku mkisogeza kompyuta itaachia mguso na mtarudi kwenye F1. Mrudishie akupe 2032.

Mwambie mzee karata zimo.